Kilwa Isiyo ya Pwani

Mtu wa Lindi asikiapo jina la Kilwa, fikra zake huenda moja kwa moja kwenye magofu ya misikiti na maji ya Bahari ya Hindi. Lakini iko Kilwa nyingine isiyojua chumvi, kisiwa kilichomo ndani ya Ziwa Mweru, mpakani mwa Zambia na Kongo. Kimekaa karibu zaidi na ufuko wa Kongo, na hata hivyo ni mali ya Zambia. Ndivyo walivyopatana Waingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji katika mkataba wa mwaka 1894, bila ya kumwuliza mvuvi hata mmoja. Tena ng'ambo ya pili, bara la Kongo, upo mji nao uitwao Kilwa; basi mgeni asiyeuliza vizuri aweza kupotea.

Msafiri atokaye Tanzania huvukia Tunduma, akapita Kasama, kisha akashika njia ya magharibi hadi bonde la mto Luapula na mji wa Nchelenge. Kaskazini zaidi, kwenye ufuko huo huo, ndiyo nchi ya Chifu Puta wa Wabwile, kabila ambalo mpaka umelikata vipande viwili.

Ziwa lenyewe lina urefu wa kilometa 130 hivi, na uso wake umeinuka zaidi ya mita 900 juu ya bahari. Upande wa magharibi umesimama ukuta wa milima, alama ya Bonde la Ufa. Kusini hakuna ukuta. Kuna mafunjo na matete yasiyo na mwisho, ambamo Luapula huingilia. Maji hutokea kaskazini, Pweto, kwa mto Luvua, yakaenda kuungana na Lualaba na kuwa mto Kongo. Hivyo tone la mvua liangukalo Nchelenge huishia Bahari ya Atlantiki.

Kina chake si kikubwa. Mahali penye kina kirefu kabisa hapafiki mita 30, ilhali Tanganyika hupita mita 1,400. Lakini huo ndio utajiri wake, kwa kuwa upepo huweza kuyavuruga maji mpaka chini na kukipandisha chakula cha samaki.

Mvua ni msimu mmoja, tangu Novemba hadi Aprili, nayo hupita milimita 1,000 kwa mwaka. Mei hadi Agosti ni ukavu na baridi. Septemba na Oktoba ni joto la kuchosha. Jambo la kustaajabisha ni kwamba ziwa hujaa kabisa mwezi wa Mei, mvua zikiwa zimekwisha. Sababu ni kwamba maji ya Ziwa Bangweulu hupita kwanza katika mabwawa makubwa, yakanyonywa na kuachiliwa polepole kama maji katika sifongo.

Viboko na mamba wangalipo, na ndege wa majini ni wengi: furukombe, mnandi, korongo na yangeyange. Wanyama wa nchi kavu wamepungua sana kandokando ya ziwa. Mashariki kidogo liko ziwa jingine, Mweru Wantipa, lililosifika kwa tembo na kuogopwa kwa nzige wekundu, maana huko ndiko lilikoanzia balaa la nzige la miaka ya 1930 lililofika hata Tanganyika.

Wazee husimulia habari za Nachituti, mwanamke wa Washila, ambaye nduguye Nkuba alimwua mwanawe. Nachituti akamwendea Mwata Kazembe kuomba kisasi. Nkuba alipokwisha uawa, Nachituti akamkabidhi Kazembe kikapu cha udongo na chungu cha maji: ardhi na ziwa. Livingstone alipolifikia ziwa hilo Novemba 1867, alimkuta Kazembe akitawala, na watu wa Pwani wakifanya biashara barazani kwake.

Lakini chungu hicho cha maji chaweza kukauka. Palikuwa na samaki aitwaye mpumbu, aliyepanda Luapula kwa makundi wakati wa kutaga. Wavuvi walimngoja njiani kwa nyavu, mayai yangali tumboni, na wafanyabiashara wakampeleka kwenye migodi ya Katanga. Kufikia miaka ya 1950 makundi yale yalikuwa yamekwisha. Leo Serikali ya Zambia hufunga uvuvi tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazae. Ni sheria ya haki, ingawa miezi hiyo mitatu humwia nzito mama mwenye watoto watano na shamba la muhogo tu.

Kitoweo cha wengi sasa ni chisense, samaki wadogo mfano wa dagaa, wavuliwao usiku kwa taa na kuanikwa mchangani asubuhi. Huliwa kwa ugali wa muhogo. Wapo wanaowavua kwa vyandarua vya mbu, jambo la kusikitisha mara mbili: tundu zake ndogo hazibakizi hata vifaranga, na Nchelenge ni miongoni mwa wilaya zinazoongoza Zambia kwa malaria. Chandarua kilichotolewa kumfunika mtoto kitandani huonekana kimetandazwa ufukoni Kashikishi, kimejaa magamba, kikingoja jua limalize kazi yake kabla ya mashua kutoka tena.