Bibi Anasahau au Haoni?

Tangu Pasaka familia yetu ina ubishi: bibi mzaa mama, mwenye miaka 81, afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho au aachwe apumzike? Mjomba anasema mtu wa umri huo hachokonolewi macho, "tena kichwa chenyewe kimeshaanza kuondoka." Ushahidi wake ni kwamba bibi humwita mjukuu huyu kwa jina la yule, na chai huimwaga pembeni ya kikombe.

Mimi niko upande wa upasuaji. Desemba 2021 Dk. Cecilia Lee wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia wazee zaidi ya 3,000 wenye mtoto wa jicho au glakoma, ile tunayoiita presha ya macho. Waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho walikuwa na hatari ndogo ya kupata dimensia, ukiwemo ugonjwa wa Alzheimer, kwa karibu asilimia 30. Upasuaji wa glakoma haukuonyesha nafuu hiyo, na hapo ndipo pananivutia. Lenzi yenye ukungu ikitolewa na kuwekwa ya bandia, mwanga unarudi. Glakoma ukiitibu unazuia tu isiendelee kula. Uoni uliopotea umepotea. Huenda basi ubongo unadhoofu kwa kukosa cha kutazama.

Nasema huenda. Wanaokubali upasuaji pengine tayari wana afya bora, ingawa watafiti walijitahidi kulizingatia hilo. Hata hivyo, mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet iliuingiza upungufu wa kuona usiotibiwa kwenye orodha yake ya vihatarishi 14 vya dimensia vinavyoweza kurekebishwa.

Halafu kuna bibi mwenyewe. Ukimsalimia tu, anakutaja jina kwa sauti yako, bila kukosea. Anakumbuka nani hajamlipa debe la maharage la mwaka 2016 (na atakutajia mbele ya wageni). Lakini kitabu cha nyimbo amekiweka kabatini, na barazani siku hizi hatoki. Kinachonitisha ni huko kujifungia, kuliko hayo majina.

Mjomba alitaka nimhakikishie kwamba kumbukumbu zitarudi. Sikumhakikishia. Nilimweleza kwamba mara nyingi jicho hutiwa ganzi tu, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Akanyamaza, kisha akauliza: "Na hizo dawa za matone baadaye, nani atakuwa anamdondoshea?"

Binamu yangu, anayekaa naye, akajibu kutoka jikoni kwamba ni yeye.