Tandala, baridi na kompyuta ya mama mdogo

Kama hujawahi kulala Tandala mwezi wa Julai, usijisifu kwamba unaijua baridi. Huku Makete, mkoani Njombe, ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi mtu anakuambia "kamwene" huku mvuke unamtoka mdomoni utadhani kavuta sigara.

Njia yenyewe siku hizi si mateso. Ukitoka Dar unafika Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ya Mbeya na reli ya TAZARA inapita, unaingia Njombe mjini, halafu ni lami, misonobari huku, viazi kule.

Mimi niliitwa na mama mdogo. Ana kibanda cha steshenari karibu na Chuo cha Ualimu: kuchapa, kuprinti, kutoa kopi. Kompyuta yake ya mezani ni mtumba wa ofisi za Ulaya. Ukiiwasha, nenda kanywe chai, urudi uikute bado inajifikiria. Wanachuo hawana subira hiyo, walishaanza kuhamia kwa jirani.

"Mwanangu, nina hela ya mbolea ya viazi," akaniambia. "Fundi wa Makambako anasema tuunde mpya. Wewe wa mjini unasemaje?"

Hapo ndipo kazi ilipo, msomaji. Kuunda mpya ni kutamu kukisikia. Lakini ukibadili mazabodi tu, prosesa ya zamani haiingii. RAM yake, ile ya DDR3, nayo haiingii. Mitumba ya maofisini ina kasha jembamba na pawasaplai yenye umbo lake yenyewe, kwa hiyo navyo unavitupa. Unabaki na kioo na kibodi! Na tangu mwishoni mwa 2025 RAM zimepanda bei dunia nzima, viwanda vimekimbilia kuhudumia mitambo ya akili mnemba. Mbolea yote ingeishia dukani.

Nikafungua kasha. Vumbi, RAM ya GB 4, na diski ya kuzunguka ya zamani. Mchawi ni huyo diski. Ukiweka SSD mahali pake na RAM ikawa GB 8, mashine ile ile inaamka kama kijana.

Fundi naye alikuwa na hoja, tusimwonee. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane. Hii ya mama mdogo ni ya kizazi cha nne. Kibanda kinachopokea flashi za chuo kizima hakiwezi kulipuuza hilo. Linux ni ya bure na mimi naipenda, ila majedwali ya andalio la somo yaliyotoka kwenye Word huwa yanacheza, na mwanachuo anayewahi mazoezi ya kufundisha hataki utani.

(Wazee wetu wasingepata hata ubishi huu: mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini.)

Mama mdogo alisikiliza, akamimina chai. "Viazi havinisubiri," akasema. Basi.

SSD na RAM vilitoka Kariakoo, ambako Wakinga wenye maduka ni wengi, vikaja kwa basi. Nikavifunga jioni moja, vidole vimekufa ganzi. Sasa inawaka kabla hujamaliza kuvua koti. Intaneti tumeichomoa kabisa: mashine ni ya kuchapa tu, flashi inapitishwa kwenye skana ya virusi kwanza, na anayeomba kazi mtandaoni atumie simu yake mwenyewe, nywila yake asiiache pale.

Mpya itangoja mavuno. Ameshaniagiza nimuulizie bei ya mtumba wa kizazi cha nane, na huyo fundi wa Makambako asiambiwe.