Mzigo wa Kilambo

Nilipokuwa kijana Mubi, mashariki mwa Kongo, uwanja wetu wa ndege ulikuwa barabara. Pale Kilambo, kipande cha lami cha njia ya Walikale kwenda Kisangani kilikuwa bado kizima, ndege ndogo za Goma zikatua juu yake huku pikipiki na mbuzi wakingoja kando. Baba mdogo alikuwa negosia, yaani mfanyabiashara, wa kasiterite, mawe ya bati, nami nilimshikia mizani.

Ndege zilikuja zimejaa hadi darini: bia, unga, sabuni, magodoro. Zikiondoka ungedhani ni tupu. Kasiterite ina uzito karibu mara 7 ya maji. Gunia la kilo 50, ambalo mchukuzi alilibeba mgongoni zaidi ya kilomita 40 za msitu kutoka mgodi wa Bisie hadi Njingala, halikuzidi ndoo kwa ukubwa. Wanunuzi wapya waliona nafasi ile wakang'aka: "Ndege iko wazi, mnakataa nini?" Rubani, Mrusi mwenye Kifaransa cha kuokota, aliwaonyesha matairi tu.

Wapakiaji wa mwanzo walitua magunia palipo karibu, yaani mlangoni, na mlango uko nyuma. Mkia ukalemewa, pua ikainuka kabla mbio hazijatosha. Baadaye rubani alichora chaki sakafuni, usawa wa mabawa: gunia lianzie hapo, wavu juu, kamba zikazwe. Mzigo ukiteleza nyuma wakati wa kupaa, hakuna wa kuurudisha. Mafuta, kwa kuwa hukaa ndani ya mabawa, hayakuinamisha ndege mbele wala nyuma, ila kila lita iliondoa karibu gramu 800 za kasiterite. Baba mdogo aliyachukia kwa sababu hiyo.

Septemba 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji wa madini kwetu, na Kilambo kukanyamaza hadi Machi 2011. Hapo ndipo tulipojua nani alikuwa akilipa nauli ya sabuni yetu: ndege isiyo na mzigo wa kurudi haiji, na iliyokuja ilitutoza safari zote mbili.

Tangu 2019 kampuni ya Alphamin inachimba Bisie kwa mitambo, na madini yanatoka kwa malori. Dereva mmoja alinieleza kwamba magunia huyapanga mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Yakirudi nyuma zaidi, usukani unakuwa mwepesi, na kwenye tope gari linakwenda linakotaka. Nilimuuliza nani alimfundisha. Akasema ni mtaro.