Fito Fupi Zatazama Unguja

Kabla sijatia mguu Unguja, nilikuwa nimeshaiona kwa miaka miwili, karibu kila jioni, kwa nyeusi na nyeupe na kwa chenga tele. Nyumbani kwetu Bagamoyo tulikuwa na televisheni ndogo iliyokula umeme wa betri ya gari. Tanzania Bara nzima hapakuwa na kituo hata kimoja. Wakubwa walikuwa wameamua kwamba televisheni ni anasa isiyofaa nchi maskini, na vituo vya kwanza, ITV ikiwamo, vilikuja kuanza 1994. Visiwani mambo yalikuwa mengine. Mzee Abeid Amani Karume aliitaka televisheni, tena ya rangi, na ingawa aliuawa Aprili 1972 kabla haijawashwa, iliwashwa. Kwa hiyo mtu wa pwani yetu akitaka kuona picha, alisimamisha antena na kuielekeza baharini.

Antena yetu aliiunda Mjomba, fundi redio, kwa fito za alumini alizozipanga juu ya boriti moja mithili ya miba ya samaki: ndefu kuliko zote nyuma, kisha ile iliyokunjwa inayopokea, kisha fupi mbele, kila moja ikipungua kidogo. Mpango huo ni wa Wajapani wawili, Yagi na Uda, wa miaka ya 1920, na Mjomba aliyataja majina yao kwa heshima kama anavyotaja majina ya walimu wake. Kanuni yake ilikuwa moja: fito fupi zitazame unakotaka kusikia. Zetu zilitazama Unguja. Mwanzoni aliifunga kwenye mnazi apate kimo, lakini mnazi ukiyumba na picha inayumba, akaihamishia juu ya mabati kwenye bomba la maji.

Aliyekuwa na haja na picha ile kuliko sote ni Bibi. Binti yake mkubwa, Mama Mkubwa wangu, aliolewa Unguja, na Bibi, ambaye miguu ilikuwa imemkatalia safari ya chombo, alikuwa akimtafuta mle ndani. Kila waliporusha sherehe au mkutano, alisogeza kigoda mpaka magoti yakagusa meza. Kwa zile chenga, nyuso zote zilikuwa uso mmoja. Akishajua kwamba leo hamwoni, hurudisha kigoda nyuma polepole asitusumbue. Mlio wa kigoda kile juu ya sakafu ninaukumbuka kuliko kipindi chochote.

Mjomba alikagua kila kitu, akagundua kwamba ugonjwa uko kwenye waya. Ulikuwa waya bapa, ule wa nyuzi mbili zilizoshikiliwa na utepe wa plastiki. Ukiwa mkavu ni mzuri, lakini kwetu upepo wa bahari huupaka chumvi, chumvi huvuta unyevu, na kile kidogo kilichonaswa juu ya paa hupotelea njiani kabla hakijafika chini. Tulihitaji waya wa mviringo, wa omu 75. Bagamoyo haukuwapo. Darajani, Unguja, kwenye maduka yaliyojaa bidhaa tangu Zanzibar ilegeze biashara katikati ya miaka ile ya themanini, ulikuwapo. Ndivyo nilivyopata safari yangu ya kwanza ya bahari, Agosti 1988, nikiwa na miaka 13.

Tulipanda jahazi alfajiri, maji yakiwa yamejaa, pamoja na magunia ya mkaa na mbuzi sita. Tanga lilipopandishwa na kusi ikaingia, chombo kilijilaza ubavu kidogo kisha kikatulia katika mwendo wake. Mjomba hakukaa. Alikwenda nyuma kwa nahodha akamwomba amwonyeshe dira.

"Mji uko wapi hasa, nahodha?"

"Hapo." Nahodha aligusa kioo kwa ukucha, katikati kabisa ya kaskazini na mashariki. "Ukishika hapo hupotei."

Mjomba aligeuka akatazama nyuma. Nyumba yetu ilikuwa bado inaonekana, na juu yake ile miba ya samaki. Omo ya jahazi ilielekea kwingine na fito fupi zikaelekea kwingine, mashariki kupita kiasi. Upepo ulikuwa umelisokota bomba kidogo kidogo bila sisi kujua. Alitoa penseli sikioni, akachora mistari miwili kwenye karatasi ya sigara, akaikunja na kuitia mfukoni mwa shati.

Kutoka Bagamoyo mpaka mjini Unguja ni kama kilomita 45. Minazi ya kwetu ilianza kuzama, kwanza mashina, halafu makuti, na mbele bado hapakuwa na kitu. Nilishikwa na woga ambao sijapata kuusema. Nilimwuliza Mjomba, kama sisi hatuoni nchi kavu, ile antena inaonaje? Akanijibu taratibu, kama anavyofungua redio ya mtu. Mtu aliyesimama juu ya paa la mita 9, jicho lake huishia baharini kwenye kilomita 11 hivi, maana dunia imejikunja. Lakini anayerusha naye ameweka mnara mrefu, kwa hiyo upeo wake unakuja kukutana na wako. Tena mawimbi hayaendi yamenyooka kama rula. Hewa huyainamisha kidogo kufuata mgongo wa bahari. Na usiku wa shwari, hewa ya joto ikilala juu ya hewa iliyopoa karibu na maji, huwa kama dari: wimbi hubanwa kati ya dari na bahari, likaenda mbali kuliko haki yake. Ndiyo sababu kuna usiku picha ilikuja safi bila mtu kugusa kitu, na majirani wakasema Mjomba ana mkono mwema.

Nilitazama maji yakipita chini ya chombo. Mawimbi chini, mawimbi juu, na sisi katikati tukifuata njia ile ile kinyume. Woga ulinitoka.

Kilichojitokeza kwanza kilikuwa mnara wa saa wa Beit el-Ajaib, mwembamba kama kijiti, kisha minara miwili ya kanisa, kisha weupe wa nyumba za Forodhani. Nilikuwa nimeliona jengo lile mara nyingi likitetemeka kwenye kioo chetu. Sasa lilikuwa limesimama imara, nami ndiye niliyekuwa nikitetemeka.

Darajani mwenye duka alikata kipande cha waya kwa kisu akanipa nikitazame. Katikati uzi mmoja wa shaba, mwekundu kama sindano iliyotoka motoni. Umezungushiwa plastiki nyeupe. Juu yake wavu wa nyuzi za shaba uliosukwa vizuri kama ukili. Halafu ganda jeusi. "Huu wavu ndio mlinzi," Mjomba alisema. "Chumvi haiingii, kelele haiingii." Tulinunua mita 20. Nililala na kile kipande mkononi.

Mama Mkubwa alikaa Michenzani, katika yale majumba marefu ya ghorofa. Tulipopiga hodi alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi, akauliza habari za Bibi mara tatu, na mara zote tatu nilimjibu. Jioni aliwasha televisheni. Antena yao ilikuwa vijiti viwili tu juu ya sanduku, maana walikaa chini ya mnara. Nami nikaona rangi.

Msoma habari alivaa kijani. Miaka yote miwili tulibishana nyumbani, dada yangu akisema yule mama hupenda bluu, mimi nikisema nyekundu. Nyuma yake pazia lilikuwa la manjano. Sikujua kama nicheke. Kila kitu tulichokuwa tukikipokea kilikuwa na rangi tangu kinatoka hapa, kilivuka bahari na rangi zake, kikafika juu ya paa letu nazo, na sanduku letu ndilo halikuwa na pa kuziweka.

"Kwani huko mwatupata?" Mama Mkubwa aliuliza.

"Tunawapata, ila kwa chenga. Bibi hukutafuta."

Alinyamaza. Kisha akauliza nyeupe inaonekana vipi kwenye televisheni yetu. Nikamwambia nyeupe ndiyo inayoonekana kuliko zote. "Basi mwambie Mama," alisema, "siku ya Mapinduzi nitakuwa uwanjani Amaan, jukwaa la upande wa jua. Nitafungua mwavuli mweupe."

Kurudi kulikuwa kwa kupitia Dar es Salaam, kusi ikiwa usoni, na sina la kusimulia isipokuwa kwamba sikutapika na waya haukulowa.

Mjomba alibadilisha waya siku ile ile, akatoa karatasi ya sigara, akaligeuza bomba mpaka fito fupi zikatazama pale nahodha alipogusa kwa ukucha. Chenga zilipungua zikabaki kama vumbi.

Tarehe 12 Januari 1989 Mapinduzi yalitimiza miaka 25. Kaskazi ilivuma tangu asubuhi na jioni, walipokuwa wakirusha picha za uwanjani, bomba lilikuwa limesogea tena. Mjomba alipanda juu ya mabati, mimi nikasimama dirishani kupokezana maneno.

"Imekuja?"

"Bado! Rudisha kidogo! Umepitiliza!"

Mabati yalilia. Picha ikajikunja, ikanyooka. Gwaride lilipita, kisha kamera ikapanda jukwaani, taratibu, safu kwa safu, watu na watu, na juu kulia palikuwa na duara moja jeupe.

Bibi aliinua mkono tusisogee. Kigoda chake kilikuwa kimegusa meza.

"Imekuja?" Mjomba aliita kutoka juu. "Jamani, imekuja?"

Hakuna aliyemjibu.