Kabureta haina hatia

 

Leo naomba tuache siasa kidogo. Najua ukiwa mwandishi Dodoma halafu ukasema huandiki siasa, watu wanakushangaa. Lakini kuna jambo linanikera kwa muda sasa, nalo ni hili: kwa nini kila pikipiki ya zamani ikikorofisha, wa kwanza kukamatwa ni kabureta?

Peleka pikipiki inayozima kwenye kijiwe chochote cha mafundi, iwe Majengo, Chang'ombe au Kizota. Hujamaliza hata kueleza, bisibisi iko tayari kwenye skrubu. "Kabureta imechoka hii, bosi." Inafunguliwa, inaoshwa kwa petroli, inapulizwa kwa mdomo, inarudishwa. Kesho pikipiki inazima tena. Safari hii unaambiwa ununue mpya. Sisemi mafundi wote wako hivyo, la hasha. Nasema tabia hiyo ipo, na wanaoumia ni watu wenye kipato cha kuungaunga.

Mfano ninao, wa baba yangu mdogo. Yeye ni bwana shamba mstaafu, anaishi Kongwa, na ana Honda CG125 ya zamani, ile yenye platini. Shamba lake liko mbali na nyumbani, na bado wakulima wanamwita kuangalia mahindi na alizeti zao. Pikipiki ikilala, na yeye kazi imelala.

Kwa wasioijua, CG125 si pikipiki ya mchezo. Honda waliitoa mwaka 1976 wakizilenga nchi kama zetu. Walikuwa wameona kwamba huku watu wanabeba mizigo kupita kiasi, wanachelewa kubadili oili, na fundi aliyesomea yuko mbali. Wakaachana na injini ya mnyororo wa taimingi, wakarudi kwenye fimbo za kusukuma valvu. Ni teknolojia ya kizamani lakini ngumu kufa. Silinda ni moja, ujazo ni cc 124, na inapozwa na upepo tu. Injini nyingi za pikipiki za Kichina zinazobeba abiria mitaani ni wajukuu wa injini hiyo. Kwa hiyo uliyepanda bodaboda asubuhi kwenda kazini, inawezekana kabisa ulikalia ukoo wa CG bila kujua.

Tofauti kubwa iko kwenye moto wa plagi. Pikipiki za sasa zina kijisanduku cha elektroniki, kile kinachoitwa CDI. CG za mwanzo zina platini, yaani vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ndani ya sumaku kila injini inapozunguka. Mwanya wake ni kati ya milimita 0.3 na 0.4. Kijana aliyeanza ufundi zama hizi anaweza kupiga kazi miaka kumi bila kuigusa platini hata siku moja.

Ya baba mdogo ilikuwa na matatizo mawili. Kwanza, haikutulia ikiwa sailensa. Injini ilipanda na kushuka yenyewe kama mtu anayeota ndoto mbaya, na ukiachia mafuta ilichelewa kushuka. Pili, ilikuwa inazima ghafla, leo mara moja, kesho mara nne. Fundi mmoja wa huko akaosha kabureta mara mbili. Ya tatu akauza kabureta mpya. Hali ikabaki vilevile. Mwishowe akasema injini yenyewe imekwisha, na akamtaja mtu anayenunua vyuma chakavu.

Kabla hajaiuza likatokea la Mbande. Wanaoijua njia kuu ya Dodoma kwenda Morogoro wanajua pale ndipo unapokata kulia kwenda Kongwa. Mzee anatoka Dodoma, anawasha indiketa, anaanza kuvuka upande wa magari yanayokuja, na katikati ya barabara pikipiki inazima. Lori lilimkwepa. Aliponipigia simu sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. "Mwanangu, leo nimekoswa." Nikamwomba asiipande tena. Tukaipakia kwenye gari ikaletwa mjini.

Hapa mjini yupo fundi wa siku nyingi, mzee ambaye anafanyia kazi chini ya mwarobaini. Nikampa shikamoo, akaitika, akaitazama pikipiki, halafu hakushika spana. Aliuliza maswali. Na maswali yale, jamani, ningependa yafundishwe hata kwenye vyumba vya habari.

Inazima ikiwa ya baridi au ikishapata moto? Inazima ghafla kama umezima swichi, au inakohoa kwanza? Inazima ukiwa umenyoosha, au ukikata kona?

Baba mdogo akafikiri. Inazima ghafla, haikohoi. Na sasa anavyokumbuka, mara nyingi ni kwenye kona, au akiwa anageuza uani kwake. "Mbona hili hukulisema kwa yule fundi wa kwanza?" nikamuuliza. Akajibu, "Hakuniuliza."

Hapo kuna somo zima. Injini ya petroli inahitaji vitu vitatu tu: mafuta, hewa, na moto kwa wakati wake. Mafuta yakikatika, injini hukohoa na kusuasua kwanza, kwa sababu bakuli la kabureta bado lina akiba kidogo. Moto ukikatika, inakufa papo hapo. Kwa maneno mengine, kile kifo cha ghafla cha Mbande hakikuwa cha kabureta. Lilikuwa jambo la umeme, na jibu alikuwa nalo mgonjwa mwenyewe.

Mzee akaiwasha, akaiacha ikinguruma, akapinda usukani wote kulia. Ikazima. Akairudisha, akapiga kiki, akapinda kushoto. Haikuzima. Kulia tena, ikazima.

Kwenye Honda hizi kuna waya mweusi wenye mstari mweupe. Unaunganisha mfumo wa moto na swichi, na kazi yake ni kuua. Ukizima ufunguo, waya ule unagusishwa na bodi ya pikipiki, moto unaenda ardhini badala ya kwenda kwenye plagi, na injini inazima. Sasa waya huohuo ukichubuka mahali na kugusa chuma, pikipiki inadhani umezima ufunguo. Tulifungua taa ya mbele. Pale kwenye shingo, ambapo mafungu ya nyaya yanapinda kila usukani unapogeuka, ngozi ya waya ilikuwa imekauka na kupasuka, shaba iko nje inang'aa kwa kusuguliwa.

Ili kuhakikisha, mzee akauchomoa waya ule kwenye kiungio chake, akawasha tena, akapinda usukani kulia. Injini ikaendelea kunguruma. Kesi imekwisha. (Kama utajaribu nyumbani, kumbuka waya ukiwa umechomolewa ufunguo hauzimi tena. Itabidi uweke gia, ubane breki na kuachia klachi taratibu mpaka injini ife.) Hakuuzungushia tepu. Alikata kipande kibovu, akaunga waya mpya mrefu kidogo ili usivutwe kwenye kona.

Bado ile ya kupanda na kushuka. Hapo akafungua plagi na kutuonyesha. Ilikuwa nyeupe kama imepakwa chokaa. Plagi nyeupe maana yake hewa ni nyingi kuliko mafuta. Na hapa Dodoma hilo ni la kushangaza zaidi. Tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama sehemu moja ya kumi. Kabureta iliyopimwa kwa ajili ya pwani, ikiletwa huku inatakiwa ielekee kuzidisha mafuta na plagi iwe nyeusi nyeusi. Ikiwa nyeupe, jiulize: hii hewa ya ziada inaingilia wapi?

Mzee akachukua grisi kidoleni, akaipaka kuzunguka kiungio cha kabureta na injini huku inanguruma. Ikatulia palepale. Muda mfupi baadaye grisi ikanyonywa ndani, na vurugu zikaanza upya. Tulipofungua, oringi ya pale ilikuwa bapa na ngumu kama plastiki, ina nyufa. Injini ilikuwa inavuta hewa pembeni, hewa ambayo haijapita kwenye kabureta wala kwenye kichujio. Ukiachia hali hiyo ukapanda mlima mrefu na mzigo, injini inachemka kupita kiasi na pistoni inaweza kuungua. Usisahau na vumbi letu, ambalo linaingia hadi kwenye silinda na kufanya kazi ya msasa.

Hali ya hewa ya kwetu inachangia sana. Kuanzia Mei mpaka Novemba hatuoni mvua ya maana. Jua na upepo vinakausha mpira wowote, uwe wa mafuta, wa hewa au ngozi ya waya. Kuna pikipiki za zamani ambazo koki ya tenki inafunguliwa na mvuto wa injini kupitia kampira kembamba. Hako kakipasuka unapata hasara mbili kwa mpigo: koki haifunguki vizuri, mafuta hayaji, na injini inavuta hewa kupitia ufa uleule. Hapo kabureta itaoshwa mpaka ing'ae na tatizo litabaki. Kuna pia kile kitundu cha kupumulia kwenye mfuniko wa tenki. Kikizibwa na vumbi, pikipiki inatembea dakika kadhaa halafu inakufa kwa kusuasua. Ukifungua mfuniko unasikia "fyuu", inawaka, unaondoka, inakufa tena mbele. Dawa yake ni sindano tu.

Kilichowachanganya wote kwenye ile CG ni kwamba makosa yalikuwa mawili. Mgonjwa mwenye malaria na jino bovu ukimtibu jino, homa itabaki, nawe utasema jino halikuwa tatizo. Ndiyo maana mzee alikuwa anabadilisha kitu kimoja, anawasha, anasikiliza, kisha anahamia kingine. Anayebadilisha vitu vitatu kwa mpigo, hata akipona mgonjwa, hajui alichomponya nacho.

Halafu akauliza kabureta ya zamani iko wapi. Baba mdogo alikuwa ameihifadhi kwenye mfuko wa rambo, watu wa umri wake hawatupi kitu. Mzee akairudisha ileile iliyoshitakiwa na kuhukumiwa. Pikipiki ikatulia sailensa kama saa ya ukutani. Gharama yote ilikuwa oringi, kipande cha waya na saa tatu za mzee yule.

Kwenye kazi yetu ya habari tunatafuta chanzo, na fundi naye anatafuta chanzo. Neno ni lilelile na ugonjwa ni uleule. Tukiwa na haraka tunamkamata aliye karibu na anayefahamika, tunamwandika, kesho tunaendelea na mengine. Kabureta inafunguka kirahisi, iko nje, na ina sifa mbaya, kwa hiyo inafaa kulaumiwa. Waya uliojificha kwenye shingo hauna jina.

Wasiwasi wangu ni kwa hao wazee wa chini ya miarobaini. Sioni kama wanarithiwa. Platini itakufa na si neno, teknolojia huondoka. Lakini ile tabia ya kuuliza maswali matatu kabla ya kushika spana haihusu platini peke yake. Itahitajika hata kwenye pikipiki za betri, ambazo hazina kabureta ya kusingizia. Kijana anayejifunza kijiweni leo anajifunza kwa kumtazama mwenzake anabadilisha spea. Nani anamfundisha kusikiliza?

Siku nyingine ukipeleka pikipiki yako kwa fundi, hesabu maswali atakayokuuliza kabla ya kufungua skrubu ya kwanza. Kama ni sifuri, shika ufunguo wako uondoke.

Wasalaam.