Fundi Aliyesimamisha Saa

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja kulala kwangu hapa Kamembe, mji wetu mpakani na Bukavu, akakaa kibarazani na simu yake. Shujaa wa gemu yake alikuwa anapigana mwenyewe: mtoto amebonyeza kitufe kimoja, simu imeshika vita, yeye anatafuna karanga. Mwanamke mmoja akatokea kwenye kioo, akaanza kuzungumza. Mpwa wangu akagusa "ruka". Nikamuuliza yule mama alitaka kusema nini.

"Maneno tu, Mjomba. Ni hadithi."

Usiku ule sikupata usingizi haraka.

Sisi gemu za hadithi tulizijulia kwenye banda la mabati nyuma ya soko, enzi ambazo hapa bado tulipaita Cyangugu. Mwenye banda tulimwita Fundi. Asubuhi alitengeneza redio. Saa nane mchana alisukuma vyuma vyake pembeni, akawasha televisheni moja na PlayStation moja. Mlangoni alikaa mama aliyekaanga sambaza, na kila pazia lilipofunguliwa moshi wa mafuta uliingia ukachanganyika na harufu ya risasi ya kulehemu. Hadi leo nikipita penye sambaza za moto, vidole vyangu vinatafuta pedi ya gemu.

Wengi walikuja kwa ajili ya mpira. Sisi wachache tulikuja kwa Final Fantasy VII. Miaka nimeihakiki: ilitoka Japani Januari 1997, ikafika Ulaya Novemba mwaka huohuo. Kwetu ilivuka daraja kutoka Bukavu, diski 3, maandishi ya Kifaransa. Siku yenyewe haina uzito. Nakumbuka mvua ilivyopiga mabati.

Katika gemu hiyo kila adui unayemshinda anakupa pointi. Pointi zikitosha, mtu wako anapanda levo. Ukishindwa na adui mkubwa, unarudi porini kuwapiga wadogo walewale, tena na tena, hadi upate nguvu. Kazi hiyo tuliiita kulima. Kadi ya kumbukumbu ilikuwa na nafasi 15, kila mchezaji akichukua moja, na Fundi aliandika majina yetu kwenye kipande cha katoni. Umeme ukikatika kabla hujahifadhi, jioni nzima ya kulima imepotea.

Nusu saa ilikuwa faranga 50. Ndiyo maana wenzangu waliichukia hadithi: kila sentensi ilikula dakika walizolipia. Fundi aliliona hilo, akaweka sheria yake. Maandishi yakianza tu, alivuta kile kichwa cha pembeni cha saa yake ya mkono, mshale ukasimama.

"Sikilizeni kwanza," alisema. "Saa imelala."

Kisha alisoma Kifaransa na kutusimulia kwa Kiswahili, akimpa kila mtu sauti yake.

Mimi nilimlimia Aeris, msichana muuza maua, kuliko wote. Likizo nzima nilizunguka naye porini nje ya kijiji cha Cosmo Canyon. Mwishoni mwa diski ya kwanza Aeris amepiga magoti anaomba, adui mkuu Sephiroth akashuka kutoka juu na upanga, akamuua. Fundi alisoma mstari mmoja, akanyamaza. Vita iliyofuata niliipigana huku wimbo wa Aeris, kazi ya mtunzi Nobuo Uematsu, ukiendelea kulia. Baadaye nilifungua mkoba: vito vyake vya uchawi vimerudi kwangu. Levo zake hazikurudi.

Waliokuwa wakitazama begani mwangu walisikitika. Mimi nililia. Hadithi ilikuwa moja, ila mimi nilikuwa nimeilimia. Anayesema kulima ni kupoteza muda, na anayesema hadithi ni maneno tu, wote wawili wameshika nusu. Jasho ndilo lililompa Aeris uzito mikononi mwangu, na hadithi ndiyo iliyolipa jasho langu maana.

Baadaye ikaja PlayStation 2, na Final Fantasy X ya 2001 ikazungumza yenyewe kwa sauti. Mwaka 2006 mkoa wa Cyangugu ukaondoka, wilaya yetu ikawa Rusizi. Banda likavunjwa, ghorofa ikapanda. Zikaja simu. Final Fantasy VII iliyotengenezwa upya ilitoka Aprili 2020, wakati mpaka wetu na Bukavu ulikuwa umefungwa.

Siku hizi gemu nyingi za simu zimerefusha kulima kwa makusudi, kisha zinakuuzia njia ya kukwepa kazi hiyo. Mtoto halimi, hasikilizi, na akifuta gemu hakumbuki jina la mtu hata mmoja. Hilo linaniuma.

Nyinyi mnaofungua vibanda vya gemu leo, Kamembe na Bukavu ng'ambo ya mto, mna haki ya kulipwa muda wenu. Lakini hadithi ikianza, simamisheni saa.