Lori la Dizeli au la Petroli? Hesabu ya Pamba ya Bariadi

Huenda nawe ni mfanyakazi wa mjini mwenye ndugu shambani, na hakuna mwaka upitao usiombwe mchango. Kwetu Bariadi safari hii jambo lenyewe ni lori dogo la kukokotea tela la pamba. Mdogo wangu ameyaona mawili, la petroli na la dizeli, na hili la pili bei yake yazidi kwa shilingi 6,000,000. Yeye ataka la dizeli. Ili fedha zitimie, amependekeza wauzwe maksai wanne wa mama.

Wengi wetu hupima gharama kwa bei ya lita. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na aghalabu petroli na dizeli hazipishani sana. Linalofaa kuulizwa ni hili: lita ngapi huteketea gari likiwa na mzigo?

Hapo dizeli ina sifa zake. Injini yake haina plagi za kuwasha moto. Huishindilia hewa hata ikapata joto la kuyawasha mafuta yenyewe, na kwa mshindilio huo hutoa kazi nyingi zaidi katika kila lita. Tena huvuta kwa nguvu hata inapozunguka polepole, nalo ndilo alitakalo mwenye tela lililozama katika udongo mweusi wa mbuga. Kwa mzigo uleule, dizeli yaweza kutumia pungufu kwa robo au zaidi.

Tufanye mfano. Kutoka Bariadi hadi Lamadi ni kilometa kama 70. Kwenda na kurudi 140. Tuseme lori la petroli lanywa lita 42, la dizeli lita 30, na lita ni shilingi 3,000. Akiba ni shilingi 36,000 kwa safari. Ili kuirudisha ile milioni 6, zahitajika safari 167! Msimu wa kununua pamba ukiwa wa majuma 16, kwa safari tatu kila juma, tunapata safari 48 tu. Hiyo ni misimu mitatu na nusu, na bado pampu ya dizeli haijaharibika. Naye fundi wa pampu na nozeli si yule wa kubadilisha plagi chini ya mwembe. Dizeli iliyoingia maji katika madumu humfikisha mtu kwake upesi.

Kwa pamba peke yake, basi, nisingelinunua. Lakini Simiyu ina mpunga, dengu, choroko na mahindi pia. Zikipatikana safari mbili kwa juma katika majuma 30 mengine, jumla kwa mwaka ni 108, na deni lafutika kwa mwaka mmoja na nusu. Yafaa pia kukumbuka moto: mvuke wa petroli hushika cheche upesi mno, na pamba si jirani mwema wa cheche.

Kuhusu maksai, mama alinijibu kwa simu kabla sijamaliza kuuliza. “Mvua zikianza, hilo lori litalima?” Hakika maksai hao ndio wakokotao jembe, na ndio wavutao mkokoteni kutoka shambani hadi kituo cha kununulia cha AMCOS, bila tone la mafuta. Wakiuzwa, lori litakokota pamba ya nani?

Nimemwandikia mdogo wangu kwamba naunga mkono dizeli, ila maksai wabaki zizini. Msimu huu akodi gari kama mwaka jana, na awatembelee wenye mpunga wa Maswa na wenye dengu, awaulize mmoja mmoja mizigo yao ni magunia mangapi na huenda wapi. Majina na idadi aviandike daftarini. Zikitimia safari mbili kwa juma, nitatoa sehemu yangu baada ya mavuno. Zisipotimia, lile la petroli latutosha. Bado hajanijibu, nasikia ameazima baiskeli na kuelekea Maswa.